Mpigapicha Ausikilize Muziki Kwanza

Mtoto anaporuka jukwaani, kuna nukta moja ambapo mwili haupandi tena wala haujaanza kushuka. Hapo ndipo pa kubonyeza. Ukingoja mpaka uione, umechelewa: kidole kikifika kwenye kitufe, mguu umeshagusa sakafu. Anayetaka picha nzuri za watoto wakicheza baleti na aujue muziki kabla ya kamera.

Chukua baleti ya The Nutcracker, ambayo kila ifikapo Krismasi huchezwa na watoto sehemu nyingi duniani, Nairobi ikiwemo. Hadithi aliiandika Mjerumani E.T.A. Hoffmann mwaka 1816, Alexandre Dumas akaisimulia upya kwa Kifaransa, Tchaikovsky akaitungia muziki. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza St. Petersburg, Desemba 1892, baadhi ya wahakiki walinung'unika kuwa watoto wamejazana jukwaani. Kwangu mimi, watoto hao ndio hadithi yenyewe. Binti mdogo anamrushia Mfalme wa Panya kiatu ili amwokoe mwanasesere wa mbao wa kubangulia njugu. Aliyeusikiliza vizuri muziki wa vita vya panya na mwanasesere huyo anajua kiatu kitarushwa lini, na lenzi yake imeshatulia usoni mwa binti.

Mpigapicha Martha Swope alikuwa na faida hiyo ya kuujua muziki. Alikuwa akisomea baleti New York pale mtunzi wa dansi Jerome Robbins alipomwalika apige picha za mazoezi ya tamthilia ya muziki ya West Side Story, mwaka 1957. Baadaye akapiga picha za wachezaji wa mtunzi wa dansi George Balanchine kwa miaka mingi.

Ya kamera ni machache. Flashi izimwe kabisa: inamtia kiwi mtoto anayezunguka, naye anaweza kuanguka. ISO ipande hadi 3200 au zaidi, lenzi ifunguliwe hadi f/2.8, na kwa miruko kasi ya shata isipungue 1/500 ya sekunde. Chembechembe kwenye picha zinavumilika, uso uliofifia hauvumiliki. Usikae safu ya mbele kabisa, maana ukingo wa jukwaa utaikata miguu ya watoto pichani, na baleti bila miguu ni nini? Siku bora ni ya mazoezi ya mwisho, mavazi yakiwa kamili. Unazunguka ukumbini bila kumziba mzazi yeyote.

Kisha mwache nyota kidogo, uangalie nyuma. Kuna panya mdogo ambaye mkia wake umekanyagwa na mwenzake, naye anauvuta bila kupoteza hatua. Kuna askari anayehesabu kwa midomo, moja, mbili, tatu, macho yakimtafuta mwalimu pembeni mwa pazia. Picha hizo nazipenda kuliko mruko wowote.

Ruhusa ya wazazi iombwe mapema, hasa kama picha zitachapishwa. Na kabla vinyago havijavaliwa, wapige picha watoto wote kwa mpangilio watakaoingilia jukwaani. Mama akija kuuliza panya yupi ni wake, utamwonyesha.