Flashi Inapojiendesha Yenyewe: Nani Aamue, Wewe au Windows?

Haya wadau wa kafe, leo tuongelee flashi. Unachomeka kuprinti CV, ukifika nyumbani mafaili huyaoni, zimebaki shotikati tupu. Mteja analaumu kafe, kafe nao wanamlaumu mteja. Ila mzizi wa mambo haya uko kwenye mfumo endeshi wenyewe.

Turudi 1995. Windows 95 ilikuja na kitu kinaitwa AutoRun: ukiingiza CD, programu inaanza yenyewe. Nia ilikuwa njema, hata asiyejua kompyuta asihangaike. Na CD ya dukani huwezi kuiandika upya, kwa hiyo hatari ilikuwa ndogo.

Flashi ni habari nyingine. Inaandikwa na kila mashine inayopitia. Kirusi kinajinakili humo, kinaacha kafaili kadogo ka autorun.inf, kisha kinasubiri. Conficker, kilichogunduliwa Novemba 2008, kilikuwa na ujanja wake: kiliweka chaguo lenye picha ya folda, unadhani unafungua mafaili kumbe unakiamsha. Tena kwenye Windows XP ya 2001 wengi tulitumia akaunti yenye mamlaka yote, basi kirusi kikiingia nacho ni bosi.

Vista ya 2007 ikajaribu dawa: kuuliza. Ukitaka kuweka programu, unaulizwa. Ukigusa mipangilio, unaulizwa tena. Watu wakachoka, wakawa wanabonyeza ndiyo bila kusoma. Mlinzi akipiga filimbi usiku kucha, mwisho mnalala tu.

Kilichosaidia ni kitu kidogo sana. Windows 7 ya 2009 iliacha kuendesha AutoRun kwenye flashi, ya CD ikabaki. Februari 2011 sasisho hilo likasambazwa hadi kwa XP na Vista. Hakuna aliyenyimwa uhuru, programu iliyo kwenye flashi unaweza kuifungua, ila unaifungua wewe. Android nayo ilifuata njia hiyohiyo. Zamani swichi moja iliruhusu programu za nje ya duka kutoka popote. Tangu Android 8 ya 2017, unatoa ruhusa kwa kila programu inayotaka kukuwekea nyingine.

Wapo wanaosema bora wafunge kila kitu. Hapo mimi sikubaliani nao. Kijana anayejifunza ufundi kwa kuchokonoa mashine atajifunzia wapi? Mlango uje umefungwa toka kiwandani, sawa, lakini ufunguo akae nao mwenye nyumba.

Na mwenye nyumba awe macho. Siku hizi kirusi cha shotikati kinahitaji kidole chako. Ukiona folda zako zimegeuka shotikati, usibofye hata moja. Mafaili mara nyingi yapo, yamefichwa tu. Muite fundi wa kafe ayafichue na kuisafisha flashi kabla hujaichomeka kwingine.

Wadau mnasemaje, mfumo ufungwe au uachwe wazi? Tiririkeni hapo chini.