Sapraizi, Ajabu na Kioja: Nani Anashangaa?

Makala haya mafupi yanakusudia kulichambua neno sapraizi, ambalo siku hizi limekaa vinywani mwetu kana kwamba tulizaliwa nalo. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili hakikulikopa lote. Kilimega kipande tu.

Surprise ya Waingereza ilitoka Kifaransa cha zamani, kwenye kitenzi chenye maana ya kukamata ghafla. Ndiyo maana kwao zawadi ni surprise, na shambulio la adui ni surprise vilevile. Sapraizi yetu ni ya heri tupu: keki ya siku ya kuzaliwa, mgeni aliyefichwa chumbani. Mto Mkondoa ulipofurika Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ukaharibu hata reli, nani angethubutu kuita ile sapraizi? Lile lilikuwa janga. Naye kiongozi akiibuka ofisini bila taarifa, magazeti huandika "ziara ya kushtukiza", maana kushtuka kuna hofu ndani yake.

Sasa tuingie kwenye uhakiki. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Iringa inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Tembo akisimama kando ya lami, abiria anayepita kwa mara ya kwanza atasema "ajabu!" huku kabandika uso dirishani. Mkulima wa jirani, ambaye tembo huyohuyo anaweza kumlia mahindi usiku, ataona hasara inatembea. Na tembo akiingia sokoni mchana kweupe, hapo wote wawili watasema "kioja!", kwa sababu kioja ni jambo lililotoka mahali pake. Mnyama ni mmoja, lakini kila neno limetuonyesha msemaji amesimama wapi.

Kwa hiyo, wenzangu, tusiridhike kuandika "mwisho wa hadithi unashangaza" halafu tukaweka nukta. Hapo bado hatujasema kitu. Unamshangaza nani: mhusika, msimulizi, au msomaji? Msomaji akijua siri ambayo mhusika haijui, kinachomshika ni taharuki, si mshangao. Na msimulizi akiliita tukio muujiza, tayari ameshaona mkono wa Mungu. Akiliita kioja, pengine anacheka.

Basi tuyapime maneno haya kabla ya kuyatumia. Mwenye hoja tofauti na aandike, tujadiliane.