Difu ya mbele: ipi ni kazi ya uani, ipi ni ya mwenye geji

Ukitaja Nyamugari nchini Burundi, utaulizwa kwanza: ya Gitega au ya Muyinga? Vilima viwili, jina moja, na kwa mwenye pikapu shida ni ile ile. Barabara kuu itokayo Gitega kupitia Karusi hadi Muyinga ina lami, na juu yake fo-wili haihitajiki. Mambo hubadilika unapokata kona kupanda kilimani. Udongo ni mwekundu, mwinuko ni mkali, na mvua kubwa ya Aprili huangukia msimu ule ule wa kuvuna kahawa. Pikapu iliyojaa magunia ya matunda ya kahawa inapeleka mzigo kwenye kituo cha kuoshea. Katikati ya mwinuko gurudumu moja la mbele linazunguka bure kwenye tope, la pili limetulia tuli. Dereva anashuka, anatazama, anaamua: difu ya mbele imechoka, atafute yenye nguvu zaidi.

Mara nyingi difu hiyo haijachoka hata kidogo. Inafanya kile ilichoundiwa. Tangu Mfaransa Onésiphore Pecqueur apate hataza yake mwaka 1827, kazi ya difu ni kuruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kwa mwendo tofauti, kwa sababu kwenye kona gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Ili kufanya hivyo, difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa pande zote mbili. Na hapo ndipo tope linapoleta mtihani: gurudumu lililo kwenye utelezi likipokea nguvu kidogo tu kabla ya kuteleza, mwenzake aliye kwenye udongo mgumu naye hupata kiasi hicho hicho kidogo. Ukiwa na fo-wili yenye difu mbili za kawaida, gari linaweza kukwama magurudumu mawili yakiwa bado yameshika ardhi vizuri.

Kwa hiyo kabla ya kufungua bolti moja, jua unatafuta nini. Kuna watu wanaosema wanataka difu bora wakimaanisha wanataka loki, yaani kifaa cha kulazimisha magurudumu yote mawili ya ekseli yazunguke pamoja. Wengine wanataka uwiano mwingine wa meno kwa sababu wameweka matairi makubwa na gari limekuwa zito kupanda. Wengine kweli wamevunja meno na wanataka kitu kisichovunjika. Hizi ni kazi tofauti na gharama tofauti, na nimeona pesa nyingi zikipotea kwa sababu fundi na mwenye gari hawakuelewana wanazungumzia ipi.

Kwa mwenye shida ya kukwama, maoni yangu ni haya: loki ianze nyuma. Pikapu iliyobeba mzigo ikipanda, uzito huhamia nyuma, na ekseli ya nyuma ndiyo yenye cha kushikia ardhi. Loki ya mbele ina faida, lakini ukiifunga usukani huwa mgumu na gari hung'ang'ania kwenda moja kwa moja, jambo la hatari kwenye njia nyembamba yenye bonde upande mmoja. Aliyekwisha kuweka ya nyuma na bado anakwama ndiye afikirie ya mbele.

Uwiano una hesabu yake, na hesabu hii ifanywe kabla ya kununua. Difu yenye krauni (gia kubwa) ya meno 41 na pinioni (gia ndogo) ya meno 10 ina uwiano wa 4.10: propela inazunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ya meno 43 kwa 10 ni 4.30, na ya 39 kwa 8 inakaribia 4.88. Ukitoka kwenye tairi la kipenyo cha inchi 29 ukaweka la inchi 31, zidisha 4.10 kwa 31 kisha ugawe kwa 29, utapata 4.38, na seti iliyo karibu ni 4.30. Hiyo itarudisha nguvu ya kupanda karibu na ilivyokuwa zamani. Anayeruka hadi 4.88 akiwa na matairi yale yale ya mwanzo atapanda vizuri, lakini kwenye lami injini itazunguka kwa kasi zaidi kwa karibu asilimia 19 katika mwendo ule ule. Katika nchi ambayo foleni za mafuta zimekuwa jambo la kila siku, huo si uamuzi wa kufanya kwa kusikia sifa.

Kuna sharti ambalo halina msamaha: ukibadili uwiano wa mbele, badili na wa nyuma. Chukua gari lenye 4.10 mbele na 4.30 nyuma. Magurudumu yakizunguka mara 100, ambayo kwa tairi la inchi 31 ni kama mita 250 tu, propela ya mbele inataka kuzunguka mara 410 na ya nyuma mara 430. Lakini ukiwa kwenye fo-wili, transfa imezifunga pamoja na haziwezi kupishana. Mizunguko hiyo 20 lazima iishe mahali fulani: kwenye matairi yanayoburuzika, au kwenye cheni na gia za transfa, au kwenye jino la difu. Ndiyo maana anayenunua difu ya mtumba Buyenzi mjini Bujumbura, au anayeagiza kutoka Gerezani Dar es Salaam au Kisekka mjini Kampala ipitie mpakani Kobero, hana budi kujua uwiano wa gari lake kwanza. Njia ni rahisi. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, lingine libaki chini, weka transfa kwenye tu-wili na ufunge habu za magurudumu. Tia alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Akikuambia minne na kidogo tu, una 4.10, akisema minne na nusu na ushei, una 4.56. Difu ya mtumba iliyo mezani ni rahisi zaidi: hesabu meno.

Sasa nije kwenye nguvu, sehemu ambayo wengi hawaelezwi. Meno ya krauni yamepinda. Kila jino lina uso wa mbinuko na uso wa mbonyeo. Uso wa mbinuko ndio uliokusudiwa kubeba mzigo gari likienda mbele. Ule mwingine ni wa kubeba mzigo mdogo, kama pale injini inapozuia gari kwenye mteremko. Difu ya nyuma ya pikapu hutumia uso sahihi. Lakini watengenezaji walipohitaji difu ya mbele, wengi walichukua ile ile ya nyuma wakaigeuza itazame nyuma. Matokeo yake, ukienda mbele kwenye fo-wili, pinioni ya mbele inasukuma uso dhaifu wa krauni. Kwenye matope laini haina neno. Kwenye jabali, na gia ya kwanza ya lo, na dereva anayekanyaga kwa hasira, meno hung'oka.

Toyota walilitatua hilo kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 80, na baadaye kwenye za mfululizo wa 70, kwa difu ya inchi 8 ambayo meno yake yamekatwa kinyume na pinioni yake imekaa juu badala ya chini. Gari likienda mbele, uso wenye nguvu ndio unaofanya kazi. Propela nayo huinuka mbali na mawe. Gharama yake ni kwamba ukirudi nyuma kwa nguvu kupanda mwinuko, sasa ni zamu ya uso dhaifu. Mwenye Land Cruiser ya namna hiyo akikwama asijinasue kwa kurudi nyuma na kukanyaga mafuta hadi mwisho.

Je, kipi kati ya haya kinaweza kufanyika uani Nyamugari? Inategemea gari. Hilux za fo-wili zilianza mwaka 1979 zikiwa na ekseli moja nzima mbele, na katika masoko yetu ziliendelea kuuzwa hivyo hadi miaka ya 1990. Hizo, pamoja na Land Cruiser zenye ekseli nzima mbele, zina baraka moja kubwa: kichwa cha difu, yaani kasha lenye krauni, pinioni na beringi zake, hutoka kizima kwa kufungua nati kukizunguka. Hilux za baadaye, zenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, difu yao ni kasha lililofungwa chini ya fremu, na kulifungua ndani ni kazi nyingine kabisa. Kwa hizo, nyumbani badilisha difu nzima au uache.

Kwenye ekseli nzima, ugumu wa kazi hauko kwenye kichwa chenyewe. Kichwa hakitoki mpaka shafti mbili za ndani zivutwe nje, na shafti hazivutiki mpaka ufungue gurudumu, breki, habu na spindo kila upande. Ni kazi ya siku nzima, na yenye grisi hadi kwenye kiwiko. Lakini ina faida: ukifika hapo, utaona kama sili za ndani zimekufa. Ukikuta grisi ya jointi imekuwa nyepesi kama mchuzi, mafuta ya difu yamepita sili na kuingia humo. Weka sili mpya, hata kama za zamani zinaonekana nzima. Kurudi tena ndani kwa ajili ya sili moja ni siku nyingine nzima.

Udongo wetu una hila yake. Baada ya mvua, jeki huzama upande mmoja polepole bila wewe kuona. Weka mbao nene ya mkaratusi chini ya kila stendi, funga magurudumu ya nyuma kwa mawe mbele na nyuma, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Kichwa cha difu kina uzito wa zaidi ya kilo 30 na hakina pa kushikia. Wawe watu wawili.

Kutoa na kurudisha, basi, ni kazi ya uani. Kupanga meno si kazi ya uani. Nasema hivi kwa msimamo, nikijua wapo mafundi hodari watakaokasirika. Seti mpya ya krauni na pinioni hutengenezwa kwa kusuguana pamoja kiwandani na hupewa namba moja. Pinioni ya seti hii na krauni ya seti ile haziendani kamwe, hata kama idadi ya meno ni sawa. Zikishaingia, kuna kina cha pinioni kinachopangwa kwa shimu nyembamba, kuna mbano wa beringi zake, na kuna plei kati ya meno. Kwa difu ya Toyota ya inchi 8 plei hiyo ni kati ya milimita 0.13 na 0.18. Tofauti kati ya sahihi na kosa ni unene ulio chini ya karatasi moja ya daftari. Hakuna kidole wala sikio linalopima hivyo. Kinachopima ni dayo geji iliyoshikwa imara, ncha yake ikigusa jino, na upimaji urudiwe sehemu kadhaa za krauni.

Mwenye kujua kazi hii utamtambua kwa rangi. Hupaka meno machache ya krauni rangi ya njano, huzungusha pinioni huku akiikaza krauni kwa mkono, kisha hutazama alama iliyobaki. Alama ikikaa katikati ya jino, kazi imekubali. Ikishuka kuelekea shina la jino, pinioni imeingia mno. Ikipanda kwenye ncha, iko mbali mno. Atatoa beringi kwa presi, atabadili shimu, atarudia. Pia atatupa bushi ya kubonyea iliyo kati ya beringi za pinioni na kuweka mpya kila mara, kwa sababu hubonyea mara moja tu. Fundi anayekwambia hana haja ya rangi wala geji kwa kuwa amefunga difu nyingi, mshukuru na uende kwa mwingine.

Ndiyo maana njia ninayoipendekeza ni hii: toa kichwa nyumbani, kipeleke kwa mwenye meza, presi na geji akipange, kisha ukirudishe mwenyewe. Au nunua kichwa kizima kilichopangwa. Utakuwa umefanya sehemu kubwa ya kazi kwa mikono yako bila kukisia milimita.

Ukiwa bado chini ya gari, fanya jambo moja la bei ndogo ambalo kwa mabonde yanayomwaga maji kwenye mto Ruvubu lina thamani kubwa kuliko loki. Kila difu ina tundu la kupumulia. Difu iliyopata moto ikiingia kwenye maji baridi ya bonde, hewa ya ndani hunywea ghafla na kuvuta maji kupitia tundu hilo au, likiwa limeziba, kupitia sili. Mafuta hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na beringi hufa kimyakimya. Chomeka mpira kwenye tundu hilo, upandishe hadi ndani ya boneti, funga ncha kwa chujio dogo.

Jaza mafuta ya gia ya daraja la GL-5, 80W-90 yanatosha kwa hali yetu ya hewa, hadi yaanze kumwagika kwenye tundu la kujazia gari likiwa limekaa sawa. Seti mpya izoezwe polepole: funga habu, endesha kama nusu saa bila mzigo, simama hadi ipoe kabisa, kisha endelea na safari za kawaida bila kuvuta kitu. Ukitaka kuijaribu kwenye fo-wili, fanya hivyo kwenye vumbi, kamwe si kwenye lami kavu. Baada ya kilomita 800 mwaga mafuta yote, si kwenye mfereji wa jirani bali kwenye dumu, na upitishe sumaku ndani yake. Uji wa kijivu laini ni wa kawaida, ni meno yanayozoeana. Ukikuta vipande vyenye makali, hata kama ni kimoja na gari halipigi kelele yoyote, kichwa kirudi mezani.