Uakisi na Uakisi wa Awali

Katika lugha za programu, muundo ni fungu la habari lenye nyuga. Tuchukue muundo wa ziwa: uga wa jina una «Masoko», uga wa wilaya una «Rungwe». Programu iwezapo kujitazama na kuzitambua nyuga zake, twasema ina uakisi, mithili ya miti ya ukingoni ionekanavyo katika maji ya ziwa hilo.

Katika Java, uakisi hufanyika programu iendeshwapo. Uga ukiandikwa «wilya», kosa hujitokeza kazini. Katika Zig hufanyika kompaila inapoitafsiri programu, na kosa hunaswa mapema. Kamati ya C++ iliukubali uakisi wa namna hii Juni 2025.

Huu wa pili twapendekeza uitwe uakisi wa awali. Tukisema «uakisi» pekee, msomaji hatajua kosa litanaswa lini.