Unapanda Mlima Kenya na Begi ya Kilo 20? Tulia, Shosh Huyu Akufunze

Hii form unaijua. Mbogi imepanga Mlima Kenya, grupu ya WhatsApp imewaka, kila msee ameshatuma doo. Usiku wa kuamkia safari ndio unakumbuka kupaki. Unarusha ndani jeans mbili, hudi tatu za kupigia picha, spika, mafuta ya chupa kubwa, mikebe ya maharagwe na vitu zingine za "huwezi jua".

Kesho yake, saa mbili tu baada ya geti la Sirimon, mabega yanawaka na mbogi imekuacha nyuma. Hapo ndipo watu husema mlima ni mgumu. Wakati mwingine si mlima, ni begi.

Sasa skiza hii. Mwaka wa 1955 huko Marekani, shosh wa miaka 67 anaitwa Emma Gatewood, mama wa watoto 11, alitembea Appalachian Trail yote peke yake. Hiyo ni zaidi ya kilomita 3,200. Hakuwa na hema wala mfuko wa kulalia. Alijishonea gunia ya denim, akaweka blanketi, pazia la plastiki la bafuni la kujikinga mvua, na vitu vichache. Miguuni alivaa raba za kawaida tu.

Maana yake ni gani? Kupunguza mzigo hakuanzi na kununua vitu ghali. Kunaanza na kuacha vitu kwa keja.

Lakini usichanganyikiwe uende Lenana na blanketi. Sehemu ya juu kabisa ya ile njia ya shosh ni kama mita 2,000 hivi. Geti la Sirimon, mahali unaanzia, liko karibu mita 2,650. Point Lenana ni mita 4,985. Kwa hivyo sheria ni moja: punguza vitu, usipunguze joto.

Pima kwanza

Panda mizani bila begi, halafu na begi. Tofauti ndio mzigo wako. Wapanda milima wengi hufuata hesabu hii: begi isizidi asilimia 20 ya uzito wako, chakula na maji ndani. Ukiwa na kilo 60, mwisho ni kilo 12.

Anza na vitu tatu kubwa

Hema, mfuko wa kulalia na begi yenyewe ndizo hula kilo nyingi. Hema la familia linaweza kupita kilo 4, lakini la watu wawili lililo jepesi ni kama kilo 2, na mnaweza kugawana: mmoja abebe kitambaa, mwingine vyuma. Afadhali hata: kwa njia ya Sirimon, kambi za Old Moses na Shipton zina mabanda yenye vitanda. Ukilipia kitanda, hema unaacha nyumbani.

Mfuko wa kulalia nao usiuguse. Uliza ule wa baridi ya chini ya sifuri, hata kama ni mzito kidogo. Kama huna chapaa ya kununua, kodisha. Nairobi na Nanyuki wapo wanaokodisha.

Jeans ibaki

Jeans moja inaweza kukaribia kilo, na ikilowa ni noma, haikauki leo wala kesho. Pamba hushika maji na kukunyonya joto. Enda Gikomba au Toi utafute mtumba: fulana za poliesta, sweta ya flisi, long'i nyepesi ya kukauka haraka. Seti moja ya kutembea, moja kavu ya kulala, basi. Hakuna mtu atakuuliza mbona ulirudia nguo, wote mtakuwa mnanuka.

Chakula na maji

Lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna ujanja hapo. Kwa hivyo usibebe lita tano. Beba mbili, jaza tena kambini, na uyatibu au uyachemshe kabla ya kunywa. Chupa iwe ya kutumia tena na tena, kwa sababu tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga zetu.

Mikebe acha. Unabeba chuma na supu. Pia maharagwe mabichi sahau: kule Shipton, mita 4,200, maji huchemka kwenye nyuzi kama 86 tu, kwa hivyo utamaliza gesi na bado yako ngumu. Beba vitu kavu za kuiva chap chap: oti, unga wa uji, tambi, njugu, maziwa ya unga, na chapati za siku ya kwanza.

Hizi usitoe hata ukilia

Jaketi ya mvua, sweta nzito, glavu, kofia ya kufunika masikio, soksi kavu za ziada, na tochi ya kichwani na betri zake. Kwenda Lenana mnaamka saa nane au tisa usiku. Hata Januari na Februari, wakati wa kiangazi, usiku maji huganda kule juu. Msee aliyelowa kwenye upepo huo huanza kutetemeka, kisha ulimi unakuwa mzito, kisha anajikwaa kila hatua. Ukiona hivyo kwa beshte yako, mvishe nguo kavu, mpe kitu ya moto, na mshuke. Hapo ndipo gramu 400 za jaketi uliyoacha zinageuka maisha ya mtu.

Na usidhani begi nyepesi inakupa ruhusa ya kukimbia. Kichwa kikiuma sana na unatapika, hiyo ni hewa nyembamba. Dawa yake ni kushuka.

Jaribu kabla ya siku

Wiki moja kabla, vaa begi ikiwa imejaa uende Ngong Hills au Karura. Ukirudi, mwaga kila kitu chini na ujiulize kwa kila kimoja: hii nikiiacha, nitalala njaa, nitalowa, au nitaganda? Kama jibu ni hapana zote tatu, irudishe kwa kabati.

Spika ikiwemo, boss.