Wapigaji wote wakaondoka: Simba Wanyika walifanyaje?

Ukiwa kwenye basi kutoka Bendera kwenda Same mjini, dereva akaweka zilipendwa, usishangae ukisikia Sina Makosa. Wengi hudhani ni wimbo wa Simba Wanyika. Hapana, ni wa Les Wanyika, bendi iliyozaliwa baada ya Simba Wanyika kupasuka mwaka 1978.

Simba Wanyika ilikuwa bendi ya ndugu, Wilson na George Peter Kinyonga. Walianzia Tanga kwenye Jamhuri Jazz, wakahamia Arusha, na mwaka 1971 wakavuka kwenda Kenya. Tungo na sauti za mbele zilikuwa zao.

Wapigaji je? Hao ndio walioondoka. Omari Shabani wa gitaa la ridhimu, Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa dramu na mwimbaji Issa Juma. Wakaongezewa nguvu na John Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa Kenya.

Kwenye muziki wa dansi hilo ni pigo kubwa kweli. Solo ndiyo husifiwa, ila anayekutoa kwenye kiti ni ridhimu na besi. Ndiyo maana Les Wanyika walitamba na magitaa yao.

Lakini akina Kinyonga walibaki na kitu ambacho hakihami na mpigaji: nyimbo. Wakatafuta vijana wengine, saksafoni ikaendelea kulia, na mwaka 1984 ikatoka albamu ya Jiburudisheni na Simba Wanyika. Isikilize kwa makini. Ridhimu imebadilika mkono, ila ukisikia tu sauti unajua ni wao.

Huko Uingereza mambo yalikuwa kinyume. Vince Clarke, mtunzi mkuu wa Depeche Mode, aliondoka mwaka 1981. Martin Gore akalazimika kuandika nyimbo zote za albamu iliyofuata, A Broken Frame ya 1982. Huo ni mtihani mgumu zaidi, kwa sababu mpigaji unaweza kumtafuta mtaani, mtunzi je?

Na Les Wanyika nao hawakupona. Issa Juma hakukaa sana, akaondoka kwenda kuanzisha Super Wanyika. Jina moja, bendi tatu.