Kilwa Ilikuwa Dola, Si Kituo cha Biashara Tu

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa chuo kikuu wanitajie miji-dola waijuayo. Aghalabu hutaja Athens na Sparta, kisha hunyamaza. Miji ya Kilwa, Pate na Mombasa, ambayo wameisoma tangu shule ya msingi, huisahau, kwa kuwa vitabuni waliiona ikiitwa "vituo vya biashara". Mimi ni mwanaisimu, na yamkini ndiyo sababu jina hilo hunikera. Jina hubeba hukumu.

Mji-dola ni nini, basi? Uzito wa istilahi hiyo umo katika neno la pili. Dola ni mamlaka: uwezo wa kutunga sheria, kutoza ushuru na kuamua vita au amani pasipo kuomba ruhusa kwa mwingine. Ukubwa si hoja. Vatican, iliyopata udola wake kwa mkataba wa 1929, haifiki hekta 50. Shamba moja la chai kule Kericho huweza kuizidi mara nyingi. Utajiri nao si hoja. Hong Kong ina sarafu yake na mabenki makubwa, lakini si dola. Mwaka wa 1997 ilitoka mikononi mwa Uingereza ikaingia mikononi mwa China. Singapore, kwa upande wake, hununua sehemu ya maji yake kutoka Malaysia, ilhali tangu ilipotengana na nchi hiyo tarehe 9 Agosti 1965, bunge lake halina bwana mwingine.

Tuipime miji ya pwani yetu kwa kipimo hicho hicho. Kilwa ilikuwa na sultani wake, ambaye Ibn Battuta alimkuta huko mwaka wa 1331, na ilifua sarafu za shaba zenye majina ya masultani wake. Lamu iliwahi kutawaliwa na baraza la wazee. Vasco da Gama alipofika mwaka wa 1498, Mombasa ilimwonyesha uadui, Malindi ikampokea kwa urafiki. Miji miwili jirani, yenye lugha moja na dini moja, iliamua mambo kinyume kabisa. Huo si uamuzi wa wachuuzi, bali ni siasa ya nje.

Wako watakaodai kwamba miji hiyo haikuwa na demokrasia kama Athens. Sparta nayo ilikuwa na wafalme wawili, wala hakuna mwalimu anayeinyima jina la dola. Isitoshe, katika Athens yenyewe wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na kura. Sisemi haya kwa kujigamba, kwani miji yetu pia ilikuwa na watumwa, na jambo hilo halina budi kufundishwa bila kufichwa.

Nisemalo ni kwamba mwanafunzi aambiwaye kuwa wahenga wake walijua kuuza na kununua tu, ataamini kuwa utawala uliletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Atajiona mgeni katika siasa za nchi yake mwenyewe. Enyi walimu, Mgala muueni na haki yake mpeni. Muhula ujao, mwandikapo Athens ubaoni, andikeni Kilwa kando yake, chini ya kichwa kimoja.